Saa Tatu Uliyomwambia Daktari

Glory mwanangu,

Nisamehe, nimechelewa sana kukuandikia. Barua hii ilitakiwa iwe mkononi mwako tangu mwezi wa tano, wiki ileile uliyoanguka kwenye ngazi. Leo ni mwezi wa kumi, na kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Mbeya linaondoka na wewe ndani. Nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliichana. Ya pili nilifungia vifungo vya mteja wa Mtwara, nikaja kukumbuka ameshaondoka nayo. Ya tatu ilikuwa na maneno mazuri mengi na haikuwa na hata moja la kweli, nikaiacha.

Sasa ni Jumapili mchana. Nimeshusha geti la duka nusu, nimekaa juu ya marobota ya lastiki, mtaa umetulia kidogo. Wewe uko kwa dada wa kusuka, na kwa zile rasta ndogondogo ulizozitaka hutoki huko kabla ya jioni. Ningeweza kusubiri nikuambie kwa mdomo, lakini utanikatiza, na mimi nikikatizwa napandisha sauti, tutaishia palepale tulipoishia Alhamisi.

Mambo ya ndoo, chandarua na kufuli la sanduku sikuandikii. Hayo unayajua. Nakuandikia kuhusu neno moja ulilomwambia daktari nikiwa nimekaa pembeni yako. Nililisikia, nikalielewa, nikanyamaza.

Unakumbuka Bibi Kanta wa ghorofa ya pili ndiye aliyekukuta. Alinipigia simu dukani, yule mama ambaye hata moto ukiwaka anasema taratibu, siku ile alikuwa anapiga kelele: "Mama Glory, njoo sasa hivi, mtoto yuko chini!" Nilikimbia kutoka Kariakoo mpaka nyumbani Mchafukoge na sindano mdomoni, sikujua hata kama niko nayo. Nikakukuta umekaa kwenye ngazi, amekuegemeza kifuani kwake, paji la uso limevimba. Ulikuwa umebakiza mtihani mmoja wa kidato cha sita. Ukaniambia, "Nimeteleza tu mama."

Bibi Kanta alinivuta pembeni. "Huyu hakuteleza. Anayeteleza anashika chuma. Mimi nilikuwa natoka mlangoni, nimemwona. Mikono ilikuwa chini hivi, kama ya mtu aliyelala."

Nikamwambia asante bibi, ni uchovu wa mitihani.

Pale zahanati daktari alikuwa binti mdogo, pengine kakuzidi miaka kumi tu. Akakupima presha mara mbili, akakunja uso. "Iko juu, kwa umri wako hii sijaipenda. Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Unalala saa ngapi?"

"Saa tatu."

Kalamu yake ikatembea. "Hapo safi. Wanafunzi wengi saa tatu usiku ndiyo kwanza wanafungua vitabu."

Glory, wewe ulikuwa umejibu masaa matatu. Yeye alikuuliza unapanda kitandani muda gani, wewe ukasikia anauliza masaa mangapi. Kiswahili chetu kina saa moja hiyohiyo kwa yote mawili. Nilikuona ulivyoshtuka aliposema "safi". Ulinigeukia. Ulikuwa unasubiri mama yako aseme, "Hapana daktari, huyu analala saa tisa usiku, saa kumi na mbili ameamka." Na mimi nikaangalia bango la chanjo ukutani kama nalisoma.

Akaandika damu imepungua kidogo, akakupa vidonge vya kuongeza damu, akasema turudi baada ya wiki mbili. Hatukurudi.

Halafu mwezi uliopita ikaja fomu ya afya ya chuo. Tulikuwa mezani, umeshika kalamu. Umewahi kupoteza fahamu? Una tatizo la usingizi? Ukasita. Nikakuambia, "Andika hapana. Hapana, hapana, mpaka chini."

"Mama, si nilianguka?"

"Uliteleza. Ngazi zilikuwa na maji."

"Hazikuwa na maji."

"Glory, andika umalize, tukagongeshe muhuri."

Ukaandika. Una mwandiko mzuri, hata uongo ukiuandika unapendeza. Niliogopa watakurudisha. Mtoto wa kwanza katika ukoo wa baba yako na wangu kwenda kusomea uuguzi wa chuo kikuu, halafu arudishwe kwa sababu ya usingizi? Nilijiambia mitihani imekwisha, sasa atalala. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Lakini hulali. Mitihani imekwisha miezi mitano na hulali. Alhamisi asubuhi uliniuliza kama Bibi Kanta karudi safari, nikakujibu bado. Ukatoka jikoni, ukarudi, ukaniuliza tena, nikajibu. Ulipouliza mara ya tatu nikabaki nakuangalia unatia chumvi kwenye chai ukakoroga, ukanywa, hukushtuka. Nikakuuliza, "Umelala leo?"

"Nimelala mama."

"Saa ngapi?"

Lile neno lilikuwa limeshatung'ata.

Ndipo ukasema. Ukasema ukifumba macho unaanza kuwaza vitu vyote vinavyoweza kuharibika: basi, chuo, mimi kuumwa ukiwa mbali, mgonjwa kufia mikononi mwako. Moyo unapiga mpaka unausikia kwenye mto. Ulikuwa unanieleza vizuri, na mimi badala ya kusikiliza nikakujibu kama mama wa dukani: "Hayo ni mawazo tu, yafukuze." Ukanigeuzia macho mekundu. "Mbona wewe ulikuwa hulali na hukufa? Ulinisahau shuleni mvua inanyesha, lakini duka hukulisahau hata siku moja."

Nikakufokea. Nisamehe kwa hilo. Lakini siku ile ya mvua nina deni lake la miaka kumi na tatu, ngoja nililipe leo.

Ulikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na ishirini na saba, maana nilikuzaa nikiwa na umri wako wa sasa. Baba yako alikuwa kwenye malori ya Tunduma, anakuja nyumbani kama mgeni. Nilikuwa nimepata nusu ya fremu hii ya duka, na wateja wa mikoani walikuwa wanafika alfajiri, kwa hiyo saa kumi nilikuwa nimeshafungua. Jioni nakuogesha, nakulaza, halafu nalala macho yakiwa wazi. Nikisikia mlango wa jirani moyo unaruka. Hivyo kwa miezi saba au minane.

Nilianza kukosea vitu vidogo. Zena wa khanga, yule wa duka la mbele, ndiye aliyekuwa ananicheka. Siku moja nilimpa fundi zipu za suruali za jinzi kwa ajili ya gauni la bibi harusi, na akaondoka nazo mpaka Morogoro. Zena aliimba mtaa mzima: "Jamani, bwana harusi wa Morogoro anaoa gunia! Mama Glory, wewe uko wapi siku hizi? Mwili upo, mwenyewe umesafiri!" Nikacheka na mimi. Baadaye nikaanza kugombana na wateja, mafua hayaniishi, tumbo linawaka. Mteja mmoja alinirudishia vifungo na nilimtupia fedha yake chini. Mimi, mtoto wa mchungaji.

Zena akanipeleka hospitali kwa nguvu. Tabibu akaniuliza, "Mama, una mawazo?" Zena yuko pale kwenye benchi, wamama wengine wametega masikio. Nikamjibu, "Mawazo ya nini? Mume wangu yupo." Wakacheka wote. Unajua kwetu mtaani mwanamke akisemwa ana mawazo maana yake kaachwa. Yule tabibu alikuwa ananiuliza habari za afya yangu, mimi nikasikia anauliza habari za ndoa yangu. Akaandika dawa ya vidonda vya tumbo, tukaondoka. Kwa hiyo unaona, si wewe uliyeanza. Mimi nilimdanganya daktari miaka kumi na tatu kabla yako, na kwa neno jingine.

Baada ya wiki chache ikaja ile mvua. Shule yenu ilikuwa upande wa kuteremkia Jangwani, na kila mtu anajua mvua ikizidi maji yanaelekea huko. Saa sita mchana walimu wakaanza kuwapigia wazazi. Zena akanifuata: "Umemchukua Glory?" Nikamwambia nimeshamchukua, yuko nyumbani kwa Bibi Kanta. Sikuwa nadanganya, mwanangu. Nilikuwa nayo kichwani picha yote. Mkono wako ndani ya wangu, soksi moja imeshuka, mdomo mwekundu wa ubuyu, unaniambia mwalimu kakupa nyota. Niliona kabisa. Nikaendelea kupima lastiki.

Ile ilikuwa ya jana yake.

Sikukusahau. Ni vibaya kuliko kusahau: nilikukumbuka, ila siku siyo. Mtu aliyesahau akiulizwa anashtuka, anakimbia. Mimi niliulizwa nikajibu kwa uhakika. Saa tisa ndipo Bibi Kanta akapiga simu kuuliza kama amfuate mtoto shule, nikatupa lastiki nikakimbia. Nilipofika maji yalikuwa magotini kwangu. Mwalimu wenu alikuwa amekupandisha juu ya meza darasani, umebaki peke yako, umeshika viatu vyako mkononi. Hukulia. Ulisema tu, "Mama, wenzangu wote wamekuja kuchukuliwa."

Nikakuambia kulikuwa na foleni. Miaka yote nimekuambia foleni. Hakukuwa na foleni.

Jioni ile nilimweleza Zena, na hakucheka. Alininyang'anya ufunguo wa duka. Wiki mbili alifungua yeye, saa mbili asubuhi, kama maduka mengine. Akaniambia, "Ukija hapa kabla ya wiki mbili nitakutangaza umerogwa." Siku tatu za kwanza nilikuwa nalala nusu saa nashtuka. Ya nne nililala mpaka jua likanipiga usoni, nikaamka nalia na sijui nalilia nini. Na wateja wa mikoani? Walikuja saa mbili. Wote. Niliumia sana kujua hilo. Nilikuwa nimejichoma miezi minane kwa ajili ya watu ambao wangeweza kunywa chai kwanza.

Ungedhani nilijifunza. Kweli nilijifunza kwa upande wangu. Kwako nikafanya kinyume. Ulipoingia sekondari ukaanza kukesha na vitabu, nilikusifia hapa dukani mbele yako. "Huyu wangu halali, kitabu tu." Wamama wanaitikia, "Huyo atafika mbali." Nilikuona unavyotabasamu. Kila nikikusifia ulipunguza saa nyingine. Nilikuwa nauza kitu kibovu na nakijua ni kibovu, kwa mwanangu mwenyewe.

Sasa nikuambie nilichofanya jana. Nilikuaga naenda sokoni Feri kununua samaki. Samaki nilinunua, lakini nilipitia kwanza zahanati. Nilimsubiri yule daktari binti mpaka akapata nafasi, nikamwambia, "Ile saa tatu haikuwa ya usiku. Yalikuwa masaa matatu. Na hakuteleza."

Akatafuta kwenye daftari lake, akasoma, akaweka kalamu chini. "Mama, mbona hukusema siku ile?"

"Nilinyamaza."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alinieleza polepole na nikamwomba arudie ili nikuandikie sawasawa. Anasema ukilala ubongo hauzimiki kama taa. Ndiyo unafanya kazi yake ya ndani: unapanga ya mchana, ya kukumbuka unayaweka mahali pake, na uchafu wa kazi unaondolewa. Nikamwambia kama sisi tunavyofunga geti tukarudisha vifungo kila saizi kwenye kopo lake, maana usipofunga kesho yake unampa mtu zipu ya jinzi kwa gauni la harusi. Akacheka, akasema naam, mama, hivyohivyo. Na mawazo anasema yanauweka mwili kama umesikia mwizi mlangoni. Moyo unakimbia, presha inapanda, usingizi unakataa kuja. Hiyo ni sawa kwa usiku mmoja mwizi akiwepo. Ikiwa mwizi hayupo na mwili unamsubiri miezi mitano, ndipo vitu vinaanza kuharibika: kumbukumbu, hasira, tumbo, hata mafua yanakuona rahisi. Kwa hiyo nilipokuambia "mawazo tu" nilikosea. Hakuna "tu" hapo.

Lakini kilichonitisha ni kingine. Nilimwambia aliyosema Bibi Kanta, mikono chini bila kushika chuma. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Akasema, "Inawezekana ni uchovu. Ila siwezi kusema ni usingizi peke yake mpaka moyo wake upimwe. Mtu mwenye presha hii anayeanguka hivyo hatumwachi bila kumpima."

Nikamuuliza kile kilichonifunga mdomo miezi yote hii: "Wakijua, watamrudisha?"

"Kwa kukosa usingizi? Mama, mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi. Watamtibu. Watakachokiogopa ni aje aanguke wodini ameshika sindano, halafu wakute kwenye fomu kaandika hapana."

Ameandika barua kwa zahanati ya chuo. Nimeibandika nyuma ya karatasi hizi kwa pini. Nilitaka tuahirishe safari upimwe hapahapa, akasema foleni ya kipimo hapa ni ndefu na usajili hausubiri, ila upimwe wiki hii ya kwanza, usivuke Ijumaa. Na ukianguka tena, au kifua kikibana, ni hospitali moja kwa moja, hiyo haisubiri barua ya mtu.

Nusu yangu nimeshaifanya. Nimesema. Nusu iliyobaki siwezi kuifanya nikiwa Kariakoo. Utaingia pale peke yako, mbele ya mtu usiyemjua, na fomu yenye mwandiko wako itakuwa mezani. Utamwambia fomu hii si kweli. Ukitaka kusema mama yangu ndiye aliyeniambia niandike hivyo, sema, ndivyo ilivyokuwa, mimi sitaona haya. Akikuuliza unalala saa ngapi, taja mwanzo na mwisho, kwamba nalala muda fulani na naamka muda fulani. Akikuuliza kama una mawazo, mwambie unayo, hata kama benchi zima linasikiliza.

Na kama daktari wetu amekosea, wakakurudisha, rudi. Chumba chako sikigusi. Nitakasirika siku mbili, unanijua, halafu nitapika. Lakini sitaki kusikia umejificha ili ubaki. Hapo sitanii, Glory, hapo naongea kama mama yako. Niliwahi kufika nikakukuta juu ya meza umeshika viatu. Mbeya ni mbali, sitafika kwa wakati.

Ninajua utasoma hii kwenye basi, maana nitakupa mkiwa mnaondoka. Utakasirika kwamba nilienda kwa daktari bila kukuambia. Kasirika. Ukifika Morogoro hasira itakuwa imepungua, ninavyokujua. Halafu ulale, hata kwa kuegemea dirisha. Hakuna mtu atakayekusifia kwa kukaa macho humo.

Mimi mama yako, Aika.

Vitu ninavyohitaji unitumie, navyo si vingi:

Picha ya barua ya daktari ikiwa na muhuri wa zahanati ya chuo, kabla ya Jumatano jioni.

Namba zako za presha, zote mbili, ya juu na ya chini, asubuhi tatu mfululizo, zilizopimwa kabla ya chai. Usiniandikie "iko poa."

Majibu ya kipimo cha moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani. Karatasi yenyewe, pande zote mbili. Usiponielewesha nitampelekea binti wa zahanati anisomee.

Jina la msichana mtakayekaa naye chumba kimoja, na namba yake ya simu, baada ya kumweleza mwenyewe kwa nini mama yako anaitaka.

Jina la atakayekupokea pale zahanati, nimshukuru.

Na ile habari utakayotamani nisiipate. Hiyo itume kwanza.